Nyanya Imebakisha Saa Ngapi? Shajara ya mradi wetu wa Kongowea

Daftari hili naliandika mimi, katibu wa kikundi. Tu watu tisa: wachuuzi wanne wa soko la Kongowea hapa Mombasa, mzee mmoja hamali, bibi mtengeneza achari wa Mji wa Kale, mpishi wa harusi, mfugaji kuku wa Kisauni, na mimi niliyekuja na mizani. Naliweka wazi kwa yeyote anayetaka kujaribu jambo kama letu, la kupunguza chakula kinachotupwa, sokoni kwake, maana sisi tulianza bila daftari la mtu kutuongoza, na makosa mengine hayakuwa na haja ya kufanywa mara mbili.

Wiki ya 1

Tumekesha sokoni siku tatu. Malori ya nyanya kutoka Taveta na Loitokitok huanza kuingia usiku, na ikifika saa kumi alfajiri shughuli imepamba moto. Madalali wanaita bei, mikokoteni inapita kwa nguvu na ukizubaa utakanyagwa mguu, kina mama wa rejareja wamejifunga kanga viunoni wanapenyeza vidole kati ya mbao za kasha kuonja kama chini kumelowa. Sisi tulikuwa na mizani ya kuning'iniza, magunia matupu na kalamu. Kila kilichotupwa tulipima, tukaandika saa, tukaandika mwenyewe ni nani.

Hiyo safu ya mwenyewe ndiyo iliyotutoa jasho. Nyanya ikiwa kwenye lori ni ya mkulima au ya dalali, kulingana na walivyopatana shambani. Ikishashuka na kulipiwa ni ya mchuuzi. Lakini ile iliyopondeka chini ya kasha? Mchuuzi asema kauziwa maji. Dalali asema yeye kauza kasha zima, hakuuza nyanya mojamoja. Dereva asema muulizeni aliyechimba yale mashimo barabarani. Nikawa naandika "haina mwenyewe," na kufika siku ya tatu safu hiyo ilikuwa imejaa hadi pambizoni.

La pili tuliloliona: taka za Kongowea zina nyakati mbili. Kuna za alfajiri, makasha yanapofunguliwa, na kuna za kati ya saa tisa alasiri na magharibi, watu wanapofunga. Nilikuja nikiamini za alfajiri ndizo nyingi. Mizani ilinikatalia. Mzigo mkubwa ulikuwa wa jioni, na ndani yake mlikuwa na mchicha, maembe, nyanya na ndizi ambazo adhuhuri ya siku hiyohiyo mtu angezipika bila wasiwasi wowote.

Vyote hivyo vyaenda jalala la Mwakirunge. Zamani vilikuwa vikienda Kibarani, na kila aliyeingia kisiwani kwa njia ya Makupa alijua kafika Mombasa kabla hajafungua macho. Siku hizi Kibarani pamefungwa, harufu imehamia mbali, na nadhani ndiyo maana tumesahau.

Wiki ya 2

Mkutano wa kwanza umevunjika, na kosa ni langu.

Nilibandika karatasi kubwa ukutani: KUPUNGUZA UHARIBIFU WA CHAKULA. Nikaanza na takwimu. Nikawaambia Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2011 kwamba thuluthi moja ya chakula kinachozalishwa duniani kwa ajili ya watu hupotea au hutupwa. Nikawaambia ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2024, ile ya Nairobi hapo hapo petu, imesema chakula kilichotupwa majumbani, mahotelini na madukani mwaka 2022 kilifika tani bilioni 1.05. Walisikiza kwa adabu. Nikaingia kwenye ahadi za viongozi wa Afrika waliokutana Malabo mwaka 2014, wakasema ifikapo 2025 upotevu wa baada ya mavuno uwe umepungua kwa nusu.

Mchuuzi wetu wa nyanya, ambaye sote twamwita Dada Mkubwa, akanyosha mkono. "Malabo ni wapi?"

"Guinea ya Ikweta."

"Na huko nyanya zaja kwa makasha ya mbao?"

Watu wakacheka, nikakosa jibu. Kicheko hakikuvunja mkutano. Kilichovunja ni dalali mmoja aliyekuwa kakaa mlangoni, akainuka na kusema, "Yaani mwatuita waharibifu. Mtu kakopa mtaji, kalipa lori, kalipa ushuru, halafu mwamwita mharibifu." Akatoka, na nusu ya watu nyuma yake.

Dada Mkubwa alibaki kunifunza nilichokuwa sikijui. Alasiri akiwa na nyanya kasha moja zinazoanza kulegea, anaweza kuziteremsha bei akazimaliza. Lakini mbele yake kuna wateja wake wa kila siku. Wakimwona anauza kwa bei ya kutupa, kesho asubuhi watamngoja hadi alasiri. Na jirani yake mwenye mzigo mpya atamnunia wiki nzima. "Kwa hivyo nazitupa usiku," akasema, "nikitupa hasara ni yangu peke yangu. Nikiuza bei ya chini, hasara ni ya mstari mzima." Nimeliandika hapa neno kwa neno, kwa sababu katika yote niliyoyasoma kabla ya kuanza mradi huu sikuona mahali palipoeleza hivyo.

Karatasi nimeibandua.

Wiki ya 4

Friji ya makaa. Hii ilikuwa fahari yangu, basi acha nieleze ilivyokufa.

Tuliijenga nyuma ya kibanda cha Dada Mkubwa: fremu ya mbao, kuta mbili za waya wa kuku, katikati vipande vya makaa, juu pipa lenye mpira uliotobolewa ili maji yadondoke polepole na makaa yasikauke. Maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto, na ndani hubaki ubaridi. Niliwahi kuiona ikifanya kazi Makueni. Nilikuwa pia na kisa cha Mohammed Bah Abba, mwalimu wa kaskazini mwa Nigeria aliyetia chungu ndani ya chungu, akajaza mchanga wa maji katikati, biringani zikakaa siku 27 badala ya tatu, mpaka mwaka 2000 akapewa tuzo ya Rolex. Nilikisimulia kwa madaha.

Siku ya kwanza kipimajoto kilisoma digrii 31 nje, ndani 28. Siku ya pili vilevile. Siku ya nne nyanya ziliota ukungu mweupe kwenye vikonyo. Mchicha peke yake ndio uliofaidi, maana ulikuwa hausinyai.

Jirani yetu mwalimu wa fizikia alipita akaitazama, akacheka kwa upole. "Dada, kule kwa huyo bwana wako wa Nigeria hewa ina kiu. Hewa ya hapa imeshashiba maji, itakunywa nini tena?" Ndiyo hivyo. Kifaa kile chategemea hewa kavu, na sisi tuko ufukweni, shati likianikwa kivulini magharibi lingali na unyevu. Kila mtu wa Mombasa anajua nguo haikauki. Sikuwa nimeliunganisha hilo na nyanya.

Tukajadili chumba baridi cha umeme wa jua. Nigeria tena wametutangulia: kuna kampuni ya ColdHubs yenye vyumba vya namna hiyo masokoni, mwenye mzigo analipa kwa kreti kwa siku, hanunui chumba. Utaratibu mzuri. Ila kwa mzigo wetu mchanganyiko una mtego. Nyanya na embe hupenda kama digrii 13, ukizipeleka chini ya 10 zinaumia na baridi, zinatoka madoa na ladha inakufa. Mchicha wataka karibu na sifuri. Ndizi zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo ikifikia mboga za majani inazigeuza manjano kabla ya wakati. Ukiwatia wote chumba kimoja, kila mmoja atateseka kwa namna yake. Na pesa zenyewe hatuna.

Friji imekuwa banda la vifaranga. Inafanya vizuri.

Wiki ya 5

Leo mzee hamali ametupa kitu kikubwa kuliko semina zote nilizokaa. Tulikuwa tunapanga madaraja ya mzigo: nzuri, wastani, mbovu. Akawa ananyamaza tu, anakunywa kahawa yake chungu. Mwisho akasema:

"Mwanangu, mwauliza nyanya nzuri au mbovu. Mimi nikiitwa kubeba mzigo siulizi hivyo. Nauliza, utafika?"

"Utafika wapi, mzee?"

"Ndiyo swali lenyewe."

Tukalitafuna neno hilo mpaka adhana ya alasiri, na madaraja yakabadilika. Sasa kila mzigo unaobaki unaitwa kwa muda uliobakisha. Kuna "wa kesho": unaweza kuvuka Likoni, ukalala, ukauzwa asubuhi. Kuna "wa leo": lazima uingie sufuriani jioni hii, kwa hiyo ni wa vibanda vya chakula na wapishi wa karibu. Na kuna "wa saa hii": usafishwe, ukatwe, uchemshwe au uende kwa mifugo kabla jua halijatua.

Mchuuzi akisema mzigo wake ni mbovu, kajishusha. Akisema ni wa leo, kasema kweli na heshima yake iko palepale. Dada Mkubwa aliyekuwa hataki kabisa kutaja mzigo uliolegea, siku hiyohiyo alituma: "Nyanya, wa leo, kasha moja na nusu."

Utaratibu ukawa huu. Saa nane mchana, wala si jioni, kila mchuuzi anatuma ujumbe wa sauti mmoja kwenye kundi la WhatsApp: kitu gani, kiasi gani, wa lini. Wanunuzi ni wale tu tulioandikiana nao, hakuna mteja wa rejareja ndani. Bei ya kila daraja tunapatana Jumapili kwa wiki nzima, kwa hiyo hapigwi mtu mnada mbele ya jirani yake. Mzigo unatoka kwa mlango wa nyuma na mkokoteni wa mzee. Malipo M-Pesa kabla mkokoteni haujaondoka, kwa sababu tuliwahi kukopesha siku moja tu na siku hiyo ilitutosha.

Jina la kikundi sasa ni Saa Nane. Hata yule dalali wa mlangoni amejiunga, ingawa anasema yumo kuangalia tu.

Wiki ya 6 na ya 7

Kreti. Nilifikiri ni suala la plastiki, kumbe ni suala la mshahara.

Kasha kubwa la mbao la nyanya huhesabiwa kilo 64. Mbao zake hazikupigwa randa, misumari imechomoza, na nyanya ya chini inabeba wenzake wote kutoka Taveta hadi Kongowea. Kreti ya plastiki hubeba kama thuluthi ya hapo, ina matundu ya hewa, na moja ikikaa juu ya nyingine uzito unashikwa na kingo, nyanya haisikii kitu. Mtu yeyote akitazama ataona ipi bora. Tukachanga, tukanunua kreti 60 kuukuu, tukapatana na mkulima mmoja na dereva mmoja tujaribu safari nne.

Safari ya kwanza tulipofungua, nilitaka kupiga vigelegele. Za kutupa alfajiri ile zilikaa ndani ya ndoo moja. Lakini mahamali hawakushusha. Wamekaa juu ya mikokoteni wanatutazama. Mzee wetu ndiye aliyetutafsiria: hamali hulipwa kwa kasha. Mzigo wa kasha moja sasa umekuwa kreti tatu. Alipwe mara tatu? Mwenye mzigo hataki. Alipwe mara moja kwa safari tatu za mgongo? Hamali hataki, na ana haki. Tumebishana kuanzia saa kumi na moja hadi jua limetoka, na lori linatakiwa kuondoka. Hatimaye kreti imepangiwa bei yake, kidogo zaidi ya thuluthi ya kasha, na mahamali wakakubali kwa sababu kreti haichomi mgongo misumari. Sababu hiyo ya misumari waliitoa wao wenyewe. Sisi hatukuwa tumeifikiria.

Halafu kreti zikaanza kupotea. Kreti tupu sokoni ni kiti, ni meza, ni beseni la kufulia, ni kiota cha kuku. Tukaweka amana: utingo wa lori anaacha shilingi 100 kwa kila kreti anayoondoka nayo, anarudishiwa akirudi nayo. Mwanzo alituona wachoyo. Safari ya tatu alirudi na kreti zote, pamoja na mbili ambazo hazikuwa zetu.

Kama mtu ananisoma akiwa na fedha za mfadhili na anataka kugawa kreti sokoni: kabla ya kununua hata moja, kaa na mahamali. Kongowea yote inapita migongoni mwao na hakuna mkutano wa "wadau" nilioona umewaita.

Wiki ya 8

Tuktuk yetu ilikwama foleni ya kivuko cha Likoni kwa saa mbili na mchicha wa kesho ukafika umeiva. Mzigo wa majani hauvuki tena mchana. Yamekwisha hayo.

Wiki ya 9

Maembe. Kaskazi imekazana, na Kilifi yote imeamua kuiva siku moja. Ngowe, Apple, boribo, zimemwagwa sokoni hadi njiani. Jumatano ujumbe wa saa nane ulikuwa maembe matupu, kila mtu anauza na hakuna wa kununua.

Nikampelekea bibi wa achari mikokoteni miwili. Alifungua gunia la kwanza akanitazama kama mtoto aliyetumwa chumvi akaleta sukari. "Mwanangu, achari yataka embe bichi, gumu, ukilikata lipige kelele. Haya yameiva, nikitia chumvi yatageuka uji." Nimekaa Mombasa maisha yangu yote nikila achari ya embe na wali, sikuwahi kujiuliza. Embe la achari hukatwa bichi, hutiwa chumvi, huanikwa juani, ndipo huingia kwenye mafuta na thomu, bizari, uwatu na pilipili. Kumbe saa ya kumpelekea bibi ni wiki mbili kabla, wakati upepo unaangusha maembe machanga na wakulima wanayaacha chini ya miti.

(Mjukuu wake wa miaka sita alikuwa akisikiza tunavyosimulia nyanya zinavyotupwa Kongowea, akamshika bibi yake kanga hakutaka kumwachia. Ilitubidi tumwonyeshe nyanya tunazosema ni zipi.)

Ya kuiva tulijaribu kuyakausha. Hewa ileile iliyoua friji ya makaa ikatungoja hapa pia: vipande vilivyoanikwa wazi vilikaa siku mbili, vikanata, vikakusanya nzi na vumbi, vingine vikachacha. Tulipofunika kwa sanduku la nailoni lenye tundu chini na jingine juu, hewa ya moto ikipanda inabeba unyevu, tukapata maembe makavu ya kuuzika, lakini kidogo mno ukilinganisha na shehena iliyokuwa barabarani. Kisha kuna yale yenye funza wa nzi wa matunda, yule mdudu aliyeingia Kenya mwaka 2003 na kusumbua hata wanaouza matunda ng'ambo. Hayo hayana daraja kwetu isipokuwa kuku.

Kwa hesabu yangu wiki hii tumeshindwa. Sehemu kubwa ya maembe ilikwenda Mwakirunge mbele ya macho yetu. Saa nane haitoshi kwa embe. Embe lahitaji mtu wa Kilifi atuambie mwezi mmoja mbele, na sisi tuna namba za simu za wachuuzi tu, hatuna za wakulima. Nimeliweka kwenye orodha ya kazi.

Ramadhani, wiki ya pili

Mpishi wetu wa harusi aliomba tuongeze chakula kilichopikwa, hasa futari za pamoja na shughuli za jioni. Hapa tulikwenda pole kuliko kwingine kote.

Majadiliano yalianza kwenye neno. Mmoja akasema "makombo" na mpishi akaweka kikombe chini. "Makombo ni yaliyotoka kwenye sinia, mikono ya watu imepita. Hayo simpi mtu. Mimi nasema biriani iliyobaki sufuriani, haijapakuliwa." Tukaandika hivyo hivyo kama kanuni: kilichoshuka sufuriani hakirudi kwetu. Akaongeza, "Na nisichompa mwanangu hamtampa mwana wa mwenzangu." Hiyo nayo ni kanuni.

Afisa wa afya tuliyemshauri alitupa mambo mawili ya kushika: chakula cha moto kikae juu ya digrii 60 mpaka kinapoliwa, na kikishaanza kupoa tusikiache nje kwa zaidi ya saa mbili. Kwa joto letu mimi nafikiri hata hizo saa mbili ni ukarimu. Wali wa nazi wa mchana, magharibi umeshachacha, hilo halihitaji maabara. Ile ripoti ya UNEP yenyewe ilionyesha nchi za joto huelekea kutupa zaidi majumbani, na tena kwamba kati ya nchi tajiri, za kati na za kati-chini tofauti ya kinachotupwa nyumbani ni kilo 7 tu kwa mtu kwa mwaka. Nilipoyasoma hayo nilikuwa nikidhani kutupa chakula cha mezani ni tabia ya Ulaya. Kisha nikaingia jikoni kwetu siku ya kumi ya mfungo, nikahesabu sahani za tambi, mbaazi na mahamri zilizobaki baada ya watu kushiba, nikafunga mdomo.

Tumefanya jioni sita. Mpishi anapiga simu kabla ya kuzima moto, mzee na kijana wake wanakuja na sufuria zenye mifuniko ya kubana, chakula kinakwenda kwenye madrasa moja ya bweni huko Majengo, dakika ishirini. Jioni ya nne tulichelewa kwa sababu ya mvua ya ghafla, kipimajoto kikasoma 52, na mpishi akaamuru biriani yote iende kwa kuku. Sufuria nzima, nyama na zafarani. Kijana wa mkokoteni karibu alie. Sheikh wa madrasa alituambia tulifanya sawa, akatusomea kuhusu israfu, kisha akauliza kesho tutakuja saa ngapi.

Wiki ya 15

Funza wa nzi askari mweusi, kwa mfugaji wa Kisauni. Kwa ufupi: wanakula karibu kila kitu cha saa hii, kwa wiki mbili wamenenepa, kuku wanawagombania, na kinachobaki ni mbolea. Majirani walilalamika harufu, na walikuwa na haki, kwa sababu tulikuwa tunamimina maji ya nyanya humo. Sasa tunatia pumba za mahindi kunyonya maji. Shida iliyobaki ni mifuko na kamba zinazoingia na mzigo. Vijana wawili waliokuwa wakiokota chupa sokoni wanalipwa kuchambua, na ndio watu wa kwanza katika mradi huu kupokea ujira wa kila siku. Sisi wengine tungali twajitolea, jambo ambalo mume wa Dada Mkubwa amelitaja zaidi ya mara moja.

Wiki ya 17

Masika imeingia, soko limejaa matope, na leo tumefungua daftari la wiki ya kwanza tukaliweka kando ya hili.

Kwa vibanda vinne vilivyo kwenye kundi, mzigo wa kutupa jioni umepungua zaidi ya nusu. Sijui ungepungua kiasi gani bila sisi, maana msimu umebadilika na nyanya zenyewe zimekuwa chache, na mwenye haraka ya kujisifu atasahau hilo. Taka za alfajiri zimepungua kwa safari za kreti tu, na safari za kreti ni mbili kwa wiki kati ya malori yasiyohesabika. Safu ya "haina mwenyewe" ingali ipo, ila sasa utingo anaweka sahihi ya mzigo alivyoupokea shambani na dalali anaweka yake alivyoushusha, kwa hiyo ugomvi unaanzia kwenye karatasi na kwisha mapema.

Kulikuwa na hoja ya kupanua. Mtu wa shirika moja alikuja, akapenda, akasema tuandike maombi ya fedha, tuongeze vibanda 40 na programu ya simu badala ya ujumbe wa sauti. Tumegawanyika. Vijana wanataka. Dada Mkubwa hataki, asema vibanda vinne vinaaminiana kwa sababu kila mmoja amjua mwenzake anapoishi, na programu haimjui mtu. Mzee hamali aliuliza kama kwenye hayo maombi kuna mstari wa mahamali. Tukatazama fomu. Hakuna. Akasema basi tutatazama tena wakiuongeza.

Nami nimeandika barua yangu mwenyewe, fupi, kwa vyama viwili vya wakulima wa maembe wa Kilifi: twaomba kujua miti yenu inatoa maua lini.

Kesho saa nne usiku lori la Taveta laingia na kreti zetu. Kati ya zile 60, kwa hesabu ya amana, zilizorudi ni 57. Katika tatu zilizosalia, moja anaikalia mlinzi wa lango, nimemwona mwenyewe, na mbili bado twazitafuta.